Mjumbe Tuliyemtuma: Hesabu Yake Ataitoa kwa Nani?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na watu watatu waliotumwa na mkutano uliotangulia)



Sisi ni wale watu watatu mliotutuma. Mmoja ni wa gangi ya njia, mmoja ni wa karakana, na wa tatu ni gadi wa gari la mizigo. Gadi ndiye anayesoma, lakini maneno ni yetu sote, tumeyaandika pamoja jioni nne mfululizo katika nyumba ya mmoja wetu, na pale ambapo hatukupatana tutawaambia kwamba hatukupatana.

Kwanza hesabu. Mlitupa shilingi 1,500 kutoka sanduku la tawi. Nauli ya watu watatu kwenda mjini na kurudi ilikuwa shilingi 600. Kunakili kurasa za sheria kulitugharimu shilingi 340. Chai na mandazi, shilingi 150. Zimebaki 410, nazo tumemrudishia mweka hazina jana mchana mbele ya mashahidi. Chai haikuwa katika azimio lenu, tunakubali. Mkisema tuilipe tutailipa, shilingi 50 kila mtu.

Sasa tuingie katika habari tuliyotumwa.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita kijana mmoja wa karakana alisimama akauliza hivi: "Katibu wa tawi akituharibia, katiba ya chama inaturuhusu tumtoe. Mbona mbunge akituharibia tunangoja miaka mitano?" Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema tuanze kukusanya sahihi siku ile ile, na karatasi ikaanza kuzunguka hata kabla hatujajua inaandikwa nini juu yake. Mwenyekiti akasema, ngojeni, watu waende kwanza wakaisome sheria. Tunamshukuru kwa neno lile, kwa sababu karatasi ile ingetuletea aibu.

Sisi hatukusoma sana. Elimu yetu ni ya shule za misheni, darasa la nane, na lugha ya sheria ni nzito hata kwa waliosoma. Lakini binti wa memba mmoja yuko chuoni, naye alikaa nasi akatufasiria neno kwa neno. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Haki ya kumrudisha mbunge nyumbani ipo. Imeandikwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 104. Kinasema waziwazi kwamba wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wa Bunge kwisha. Basi kijana wetu hakuota. Lakini kifungu hicho hicho kina sehemu ya pili, nayo inasema kwamba Bunge ndilo litakalotunga sheria ya kueleza ni kwa sababu gani mbunge aweza kuondolewa, na kwa utaratibu gani. Yaani waliopewa kazi ya kuutengeneza mlango ni wale wale watakaotolewa nje kwa mlango huo. Wazee walisema kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Sheria yenyewe ilitoka mwaka 2011, Sheria ya Uchaguzi, tukaikuta imejaa makufuli.

Kufuli la kwanza ni sababu. Sheria ilisema mbunge aweza kurudishwa ikiwa imethibitika kwamba amevunja masharti ya uongozi yaliyomo katika Sura ya Sita ya Katiba, au ametumia vibaya mali ya umma, au amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi. Basi. Na hata hapo wapiga kura hawakuruhusiwa kuanza neno lolote mpaka Mahakama Kuu iwe imetoa hukumu kwamba sababu hiyo ni kweli. Tazameni sana mambo ambayo hayamo. Kutoonekana kwa watu wake hakumo. Kukaa Bungeni bila kufungua kinywa hakumo. Kuahidi jambo moja kiwanjani na kupiga kura kinyume chake Nairobi hakumo. Mambo yale yote tuliyokuwa tukiyapigia kelele hapa hayakuwa sababu.

Kufuli la pili ni wakati. Huwezi kuanza kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala huwezi kuanza ikiwa imebaki miezi 12 kufikia uchaguzi mwingine. Toeni miaka hiyo mitatu katika mitano, inabaki miwili, na katika miwili hiyo mnaruhusiwa kujaribu mara moja tu. Mwenzetu gadi alisema hapo kwamba jambo hili linampita akili. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakituambia habari za cheti cha njia. Katika reli ya njia moja dereva hakuweza kuondoka stesheni bila kupewa cheti kwamba njia iko wazi mpaka stesheni ya mbele, na kilimfikisha hapo tu. Akitaka kuendelea sharti apewe kingine. Hakuna aliyesema dereva anadharauliwa kwa kutakiwa kusimama. Lakini mbunge tunampa cheti kimoja cha safari ya miaka mitano, na stesheni za katikati tumezing'oa.

Kufuli la tatu ni hesabu ya watu. Sharti sahihi za wapiga kura 30 kwa mia ya wote walioandikishwa, pamoja na namba za vitambulisho vyao. Na wakishapatikana, na kura ya kumrudisha ikapigwa, haifai kitu mpaka waliosema "aondoke" wafike nusu ya wote walioandikishwa, si nusu ya waliokuja kupiga kura. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Tuseme sehemu ya uchaguzi ina watu 60,000 katika daftari. Mnataka sahihi 18,000. Kisha mnataka watu 30,000 watoke nyumbani siku ya kura waseme aondoke, na kila aliyelala, aliyesafiri au aliyekufa jina lake likabaki katika daftari anahesabiwa kama anamtaka abaki. Na yeye mwenyewe aliingiaje? Mbunge huingia kwa kuwazidi wenzake tu. Wakiwa wamegombea watu wanane, aweza kuingia kwa kura 12,000. Wa kuingia 12,000, wa kutoka 30,000.

Mwaka 2017 shirika la Katiba Institute lilikuwa limeipeleka sheria hii mbele ya Mahakama Kuu, na mahakama ikakubali kwamba sehemu kadhaa za makufuli hayo zinapingana na Katiba. Kati ya zilizotupwa ni ile ya kudai hukumu ya mahakama kwanza, na nyingine iliyomkataza mtu aliyegombea akashindwa asianzishe ombi la kumrudisha mshindi. Tulipofika hapo tulifurahi, tukasema basi njia imefunguka. Yule binti akatutuliza. Alisema mahakama ina nguvu ya kufuta, lakini kazi ya kuandika sheria nyingine mahali pa iliyofutwa ni ya Bunge, na kwa hivyo mnarudi kwa wale wale. Na kweli, Bunge lililochaguliwa 2013 lilimaliza muda wake, na lililochaguliwa 2017 likamaliza muda wake, na hakuna mbunge hata mmoja wa mabunge hayo mawili aliyerudishwa nyumbani na wapiga kura kwa kifungu cha 104.

Hapa sharti tuseme jambo moja ambalo hatukupatana. Mwenzetu wa gangi anasema makufuli mengine yana maana. Anasema kama ingekuwa rahisi sana, tajiri aliyeshindwa uchaguzi angekusanya sahihi kwa kugawa noti za shilingi 200, na kila mwaka tungekuwa katika kampeni. Anasema tena kwamba mbunge mwema aweza siku moja kupiga kura ambayo watu wake hawaipendi leo, na kesho wakaona alikuwa na haki. Tulibishana naye mpaka taa ikaisha mafuta, kwa maana umeme ulikuwa umepotea. Sisi wawili tunasema noti za shilingi 200 zimo katika uchaguzi wenyewe na hakuna aliyesema kwa hiyo uchaguzi ufutwe. Lakini hatukumshinda kabisa, na tunaomba neno lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Lililotusaidia kidogo katika ubishi ule ni habari za Peterborough, Uingereza. Ni mji uliokua kwa sababu ya reli, kama Nakuru yetu. Waingereza walitunga sheria ya kuwarudisha wabunge mwaka 2015. Nao pia wameweka sababu maalumu, kama vile mbunge kufungwa gerezani, au kufukuzwa Bungeni kwa siku kadhaa kwa kosa la mwenendo. Basi hawakuacha mlango wazi kwa kila mwenye hasira. Lakini sababu ikishapatikana, wanataka sahihi za watu 10 kwa mia tu, zikusanywe katika muda wa majuma sita, na zikifika, kiti kiko wazi na uchaguzi unaitishwa. Yule mbunge mwenyewe aweza kusimama tena, watu wakamrudisha wakitaka. Mbunge wa Peterborough alikuwa amehukumiwa kwa kudanganya juu ya kosa la kwenda mbio kwa motokaa, akafungwa mapema mwaka 2019. Zaidi ya robo ya wapiga kura wakatia sahihi, na mwezi wa Juni mwaka ule ule wakachagua mwingine. Kwa kosa la motokaa! Tuliposoma haya tulitazamana tukacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kitamu.

Sasa, msidhani kwamba katika nchi yetu haijapata kutokea wabunge wakapelekwa tena mbele ya wapiga kura katikati ya muda. Ilitokea, na wazee wengine hapa wanakumbuka au walisimuliwa na baba zao. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipotoka serikalini na katika KANU, na wenzake Bungeni wakamfuata kuingia katika chama kipya cha KPU, Katiba ilibadilishwa kwa haraka mwezi wa Aprili, ikasemwa kwamba mbunge akitoka katika chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake kimekwisha, arudi kwa wapiga kura. Viti 29 vikapigiwa kura mwezi wa Juni, na KPU ikapata 9 tu. Odinga alirudi kwa kura za watu wa Bondo. Bildad Kaggia, mtu aliyeanza safari yake katika vyama vya wafanya kazi, alishindwa Kandara.

Hatukuja hapa kuamua kama watu wale walikuwa na haki au la. Jambo lililotushtua ni hili. Wenye nguvu walipotaka wabunge warudi kwa wananchi, sheria ilipita kwa siku chache. Tena sharti hilo halikufa, bado limo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 103: mbunge akijiuzulu kutoka chama chake anapoteza kiti. Basi mbunge anajua vizuri kwamba akikiudhi chama ana mashaka, na akituudhi sisi ana miaka. Mtu akiwa na mabwana wawili, mmoja ana fimbo na mwingine hana, mnajua atamsikiliza yupi.

Na habari ya mshahara. Hii twaijua kuliko wengine, kwa kuwa kazi ya chama chetu ni mishahara. Sisi tukitaka nyongeza, tunaandika barua, tunakaa mezani na tajiri, tajiri anasema hana kitu, tunapelekana mbele ya mahakama ya kazi, na mara nyingine tunatoka na senti ambazo hazitoshi kununua gunia la mahindi. Mwaka 2013 Tume ya Mishahara iliweka mshahara wa mbunge kuwa shilingi 532,500 kwa mwezi. Wabunge walikuwa wametoka tu kuchaguliwa, hata viatu vya kampeni havijakauka matope, wakataka shilingi 851,000, wakapitisha azimio la kuyafuta matangazo ya Tume. Wananchi nao walileta nguruwe mbele ya lango la Bunge mwezi wa Mei. Mwisho wakakubali zile 532,500, lakini wakapata na shilingi milioni 5 kila mmoja za kununua motokaa.

Tulijiuliza: katika mashauri yale, tajiri alikuwa nani? Mfanya kazi alikuwapo, alikaa pande zote mbili za meza. Mwenye mali, ambaye ni wewe unayekatwa kodi hata kabla mshahara haujafika mfukoni, alikuwa nje ya lango pamoja na nguruwe.

Habari za tarehe 25 Juni 2024 hatutazirudia kwa urefu, maana kila nyumba hapa ilikuwa na kijana njiani siku ile, na kuna nyumba ambazo hazikumwona tena. Twataka tu mkumbuke kwamba kura ya Mswada wa Fedha ilipigwa na wabunge 195 wakasema ndiyo na 106 wakasema hapana, na kwamba majuma yote yaliyotangulia watu walikuwa wakiwapigia simu wabunge wao usiku na mchana kuwaambia la kusema. Siku ya pili Rais akasema hatautia sahihi. Basi waliosikia kelele za watu kwanza hawakuwa wale waliochaguliwa kuzisikia.

Ndugu zetu, tumesema mengi juu ya wabunge na mmepiga makofi. Sasa tunaomba mtuvumilie, kwa maana mengine yanatuhusu sisi.

Miaka kadhaa iliyopita tawi hili lilikuwa na katibu. Jina hatulitaji, na wenyewe mnamjua. Alikwenda katika mashauri juu ya posho ya kazi ya usiku. Akarudi. Tukamuuliza habari, akasema mambo ni mazuri, ngojeni. Tukangoja. Karatasi ya mapatano hatukuiona. Mwezi wa nne tukaambiwa na karani wa mishahara kwamba posho imepatikana, lakini ni kwa madaraja ya juu tu, na watu wa gangi na wa mabehewa hawamo. Sahihi ya katibu wetu ilikuwa chini ya karatasi ile.

Katiba ya chama inaturuhusu kuitisha mkutano maalumu. Sahihi zinazotakiwa ni chache, hazifiki hata watu waliojaa katika behewa moja. Hapakuwa na kufuli hata moja. Je, tuliitisha? Hatukuitisha. Tulinung'unika katika vyumba vya kupumzikia, tulinung'unika juu ya mabehewa, mmoja wetu sisi watatu alisema maneno makali sana akiwa chini ya lori la mizigo, mahali ambapo hakuna aliyemsikia ila grisi. Ulipofika uchaguzi wa tawi, tulimchagua tena. Na hakuna aliyetulazimisha.

Kwa nini? Tulikaa jioni nzima tukitafuta jibu la kweli. Ni kwamba alikuwa mtu mwema misibani. Mtu akifiwa, katibu alikuwa wa kwanza kufika, alitafuta basi la kubeba maiti, alitoa cha mfukoni. Mmoja wetu alisafirishiwa mama yake na katibu huyo, na alisema mbele yetu kwamba siku ya kura alipolishika karatasi alimwona mama yake, hakuiona posho. Hatumlaumu. Lakini watu wa gangi walifanya kazi ya usiku bila posho kwa miaka mitatu zaidi, na baadhi yao wana mama pia.

Mbunge naye tumemfanya vivyo hivyo. Tangu mfuko wa maendeleo wa sehemu za uchaguzi ulipoanzishwa mwaka 2003, tumezoea kumpima kwa basari na madarasa na matanki ya maji, na kwa mchango wake wa harambee Jumamosi. Katiba, kifungu cha 95, inamtaka atuwakilishe, atunge sheria, na aangalie jinsi serikali inavyotumia fedha. Lakini tukikutana naye hatumuulizi hata moja la hayo. Tunamwomba karo. Akitoa, tunasema ni mtu wa watu. Mtu uliyemwomba karo asubuhi huwezi kumdai hesabu jioni, ulimi unakuwa mzito. Naye anajua. Tena karo yenyewe ni fedha ya kodi yetu, ametupa kwa mkono wake nasi tukapokea kwa mikono miwili na kuinama.

Mzee mmoja aliyestaafu, tulipomweleza habari hizi, alituambia juu ya mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, jinsi alivyosimuliwa na baba yake. Tulikwenda kuhakikisha, tukaona imeandikwa pia katika vitabu. Wafanya kazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini, wa bandari na wa reli wakiwamo, na kwa siku zote za mgomo maelfu yao walikuwa wakikusanyika katika uwanja mmoja ambao waliupa jina Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo walipojiundia chama na kusikia habari kutoka kwa viongozi wao. Hawakuwa na kura, wala kifungu cha Katiba. Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria walichaguliwa miaka kumi baadaye, 1957, watu wanane, naye Tom Mboya wa vyama vya wafanya kazi akiwa mmoja wao, na hata hapo si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, na aliyesoma zaidi au mwenye mali zaidi aliweza kupewa kura mbili au tatu. Lakini watu wa Kiwanja cha Maskini hawakungoja kura ndipo wadai kuambiwa. Kiongozi alisimama mbele yao wakamtazama usoni, na kesho yake tena.

Baada ya kuyasema haya, tunaleta mashauri yetu. Mtayakubali au mtayakataa.

Juu ya kukusanya sahihi za kumrudisha mbunge, tunasema tusianze. Si kwamba hastahili kuulizwa. Ni kwamba hatujamuuliza bado. Hakuna barua hata moja ya tawi hili katika ofisi yake, tumetafuta katika faili yote ya katibu. Tukienda mahakamani au kwa Tume ya Uchaguzi leo, jambo la kwanza watakalotuuliza ni, mlimwandikia lini, naye alijibu nini?

Basi tumwandikie. Tumeandika mfano wa barua, uko mezani. Una maswali manne. Alipiga kura gani katika Mswada wa Fedha wa 2024 kama alikuwamo, na kwa nini? Amesema nini Bungeni juu ya reli na juu ya nyumba za wafanya kazi wa reli? Fedha za mfuko wa sehemu yetu kwa kila mwaka wa muda wake zilikwenda wapi, kwa majina ya shule na kiasi? Na atakuja lini hapa, saa kumi na moja jioni, wakati zamu mbili zinapokutana, ajibu kwa mdomo wake? Swali la tatu hatumwombi hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kujua habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Kwa hivyo nakala moja iende kwa ofisi ya mfuko, na tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake kwa muhuri. Asipojibu, kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni lenyewe, na ombi letu mojawapo litakuwa kwamba sheria ya kifungu cha 104 iandikwe upya, kwa hesabu ambayo watu wanaweza kuifikia.

Neno la pili ni sharti. Siku atakayokuja, asichukuliwe mchango. Hata wa soda. Asiombwe karo, asiombwe basi. Mwenye shida ya karo amwone siku nyingine. Tunajua sharti hili ni gumu, na mwenzetu wa karakana, ambaye mwanawe ameingia kidato cha kwanza, ndiye aliyelitoa.

Neno la tatu linatuhusu wenyewe, na hapa hatutaki makofi. Katibu wa tawi, huyu wa sasa na kila atakayemfuata, akitoka katika mashauri na tajiri, asomee mkutano karatasi ya mapatano kabla ya siku saba kwisha, yote, pamoja na madaraja yaliyoachwa. Kama mkutano hauwezi kuitishwa, karatasi ibandikwe ubaoni penye chumba cha kupumzikia. Tumelizungumza jambo hili na katibu, naye amesema halipingi, ila anaomba siku kumi na nne. Sisi tunasema saba. Muamue ninyi.

Barua na mfano wa azimio viko mezani pamoja na risiti za nauli na za kunakili. Risiti ya chai hatuna, mama yule hakuwa na kitabu. Mwenyekiti, tunaketi. Tunaona mkono wa mtu wa mabehewa umeinuka tangu tulipotaja posho ya usiku, na tunaomba apewe nafasi yeye kwanza.